Kivuli cha Kumtosha Mtu Aliyeketi

Nchi ya Peupe haimo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona, na msomaji akidhani ameitambua, hilo ni lake na dhamiri yake. Mimi nasimulia mambo kama alivyoyaona Shaweji Mfaume, mchuuzi wa nta, aliyeingia huko kutafuta mzigo akatoka na hasira ambayo hajaimaliza mpaka leo. Jinsi alivyofika tuiache. Mtafuta nta huwafuata nyuki, na nyuki hawana habari na mipaka.

Jambo la kwanza alilolifanya Peupe lilikuwa kosa la jinai. Jua lilikuwa limesimama utosini, naye aliingia kwenye uwanja wa nyumba moja kuomba maji huku amejifunika kwa mwavuli. Mwenye nyumba, mzee mkondefu aitwaye Mtupa, alitoka mbio kama aliyeona nyoka, akaunyakua ule mwavuli, akaufunga, akaukalia. Akatazama barabarani huku na huku akihema. Alipohakikisha kwamba hakuna aliyeona, ndipo akaleta maji, na wote wawili wakanywa juani.

Shaweji aliuliza amekosa nini. Mtupa akamweleza kwa upole ule ambao watu huwatunzia watoto na wageni. Peupe ardhi hupimwa kwa shuka. Yuko ofisa wa serikali, cheo chake Mtandika Shuka, ambaye huzunguka na shuka jeupe lililopigwa pasi. Saa sita mchana hulitandika chini. Likibaki jeupe, mahali hapo pana mwenyewe, na huyo mwenyewe hupewa hati. Likiangukiwa na kivuli cha kumtosha mtu aliyeketi, basi ni ardhi tupu, haina mtu, hata kama mtu mwenyewe amesimama pale pale akilia. Ardhi tupu ni ya serikali, na serikali humpa yeyote anayeahidi kuifanya nyeupe. Paa la nyumba halihesabiwi, maana paa ni maendeleo. Upenu unahesabiwa, ndiyo sababu nyumba zote za Peupe hazina upenu na kuta zake zimebabuka. Jirani yake Mtupa alipoteza uwanja kwa ajili ya mpapai ambao hata hakuupanda. Ulijiotea kando ya jiko, pale walipokuwa wakimwaga maji ya vyombo, naye akauonea huruma.

"Mpapai mmoja tu?" Shaweji aliuliza.

"Ulikuwa na majani mapana, mwanangu," Mtupa alisema, na kwa jinsi alivyosema ungefikiri jirani ndiye aliyekosea.

Sheria hiyo iliandikwa na watawala wa kwanza, waliotoka nchi za baridi ambako siku ya jua ni sikukuu. Walipoufikia msitu hawakuona jembe wala ua wala moshi, wakaandika kwamba hapa hakuna mtu. Waliokuwa wakiishi humo walitoka wakasema, sisi tupo. Mizinga ile ya nyuki ni ya shangazi, pale ni makaburi yetu, na hapa hakatwi mti mpaka ukoo mzima ukae na kukubaliana. Wakaambiwa hayo ni maneno ya mdomoni. Miaka ikapita, watawala wakaondoka, wakaacha kiti, kengele na shuka. Waliorithi kiti walibadilisha wimbo, bendera na majina ya mitaa. Shuka walilifua tu, wakaendelea nalo.

Hapo simung'unyi maneno. Kwamba mgeni alitazama msitu wa watu akauona mtupu, hilo naweza kulielewa, maana alikuja kuchukua na alihitaji uwe mtupu. Lakini mtoto wa huo msitu, ambaye mama yake alifukuzwa na shuka hilo hilo, apewe nafasi ya kulichoma moto kisha alipige pasi!

Kununua nta Peupe kunahitaji kibali, na kibali hutolewa mji mkuu. Shaweji alifika huko akakuta ofisi zimefungwa kwa ajili ya Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Usicheke mapema. Wanaipenda sana siku hiyo na huiadhimisha kwa gwaride. Katikati ya uwanja mkuu liko Shimo la Taifa, limejengewa kingo za saruji ili viatu vya waheshimiwa visichafuke, na kila mwaka mti hupandwa humo humo. Mpandaji wa mwaka huo alikuwa Mheshimiwa Lukemba, mjumbe wa Baraza, mtu mpana, mcheshi, mwenye sauti ya kubembeleza. Aliushusha mche shimoni, akaumwagia maji kwa birika, akapigiwa makofi. Muda wote huo wahudumu walimshikia mwavuli mkubwa, kwa kuwa kivuli cha serikali hakihesabiwi.

Shaweji alimwuliza askari mmoja ulikokwenda mche wa mwaka uliopita. Askari alimjibu kwamba uling'olewa. Ulipofika kimo cha magoti ulianza kutia kivuli, na uwanja wa taifa hauwezi kuachwa ukawa ardhi tupu. Huu wa leo nao utang'olewa ukifika hapo, aliongeza, na akaonyesha kwa mkono kwenye goti lake mwenyewe. Hakuonekana kuona ajabu yoyote.

Kesho yake, akingojea kibali, Shaweji aliruhusiwa kukaa roshani ya wageni ndani ya Baraza. Hoja ya siku hiyo ilikuwa mto. Mto wa mji mkuu ulikuwa umekauka, na wanawake walikuwa wakichimba mchangani kwa vikombe. Mjumbe mmoja alisema mto umekosa uzalendo. Mwingine alitaka uundiwe kamati yenye posho. Wa tatu, kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni, alisimama akasema kwa sauti ndogo kwamba labda, anasema labda, chemchemi za mto huo zilikuwa chini ya miti, na miti imemalizwa na watu wanaotafuta hati. Spika akamwuliza kama yeye anayo hati ya mahali anapokaa. Akasema anayo. Akaulizwa alivyoipata. Kijana akakaa chini, na hakusimama tena siku hiyo.

Ndipo akainuka Mheshimiwa Lukemba. Aliwapongeza wote waliotangulia, kisha akasema kwamba yeye amefanya utafiti wake. "Waheshimiwa, kila palipobaki na maji leo, pana msitu, na ndani ya msitu mna watu. Sasa jiulizeni nani ameyaficha."

Makofi yalipigwa mpaka vumbi likatoka kwenye mapazia. Ikaazimiwa kwamba misitu iliyosalia igawiwe watu wenye uwezo, waifanye nyeupe upesi, ili maji yaonekane. Lukemba alijitolea kuanza na msitu wa Chilala, ingawa, alisema, mambo yake ni mengi. Shaweji aliposikia jina la Chilala alishtuka. Huko ndiko nta aliyoifuata ilikotoka, na ndiko alikokuwa akielekea.

Chilala palikuwa nyumbani kwa Somoe Likwata, mwanamke mrefu, mwembamba, aliyepita umri wa kuzaa, mwenye ulimi mwepesi. Msitu wake ulikuwa wa mitondoo na mininga, na katikati yake chemchemi ilitoka chini ya jiwe, maji baridi yenye ladha ya chuma. Ukoo ulikuwa umemwachia yeye ulinzi wake kama ulivyomwachia mama yake kabla yake. Kila familia ilijua mizinga yake imetundikwa wapi. Kila mtu alijua kwamba mti wenye mzinga haukatwi, na wa kando ya maji haukatwi hata kwa jeneza. Aliyekata bila ruhusa alikuwa akipikia ukoo wote chakula, na kula huku akitaniwa kulitosha kumfunza adabu. Hakuna shuka lililohitajika.

Shaweji, kibali kikiwa mfukoni, alipokewa kwake kana kwamba ni mgeni wa miaka mingi, akalala, na asubuhi alimweleza aliyoyasikia Barazani. Somoe alikuwa akichuja asali. Hakuacha kuchuja. Alisema tu kwamba mama yake alizikwa pale kando ya jiwe la chemchemi, na kwamba hatamwacha juani.

Upande wa mashariki wa msitu palikuwa peupe, pakubwa, pa kaka yake Ligola. Yeye alikuwa amekata sehemu yake miaka kadhaa nyuma, tangu aliposikia uvumi wa Mtandika Shuka. Sasa mvua ilikuwa imeusomba udongo, mahindi yakitoka yanatoka ya manjano, na hati ilining'inia ukutani imepigiwa misumari minne. Shaweji alimwuliza, kwa kuwa siku chache zilitosha kuwazoesha, alipataje moyo wa kuimaliza mizinga ya baba yake.

"Ndugu yangu, mimi sikukata kwa kupenda mbao," Ligola alisema. "Mbao zenyewe nilizichoma, hazikuwa na mnunuzi. Nilikata ili nisifukuzwe. Aliyetunza anafukuzwa, aliyeharibu anapewa hati. Wewe ungefanyaje na watoto ndani?"

Watu wa mji mkuu hupenda kusema wanakijiji ni wajinga, wanamaliza misitu kwa kutojua. Ligola alijua kila kitu. Alilia kila mti ulipoanguka, na akaendelea kukata, kwa sababu serikali yake ilikuwa imeufanya mti kuwa adui wa mlango wake.

Haikupita mwezi, Mtandika Shuka akaja na taarifa rasmi. Jina lake Bwana Ngwali, mtu nadhifu, asiyekula rushwa, asiyejua kukasirika, na wa namna hiyo ndio wanaonitisha kuliko wala rushwa. Alimweleza Somoe kwamba Mheshimiwa Lukemba ameomba Chilala kwa kuwa ni tupu. Lakini sheria ni ya haki, alisema, na anayekaa mahali ana hiari ya kuchagua siku ya kupimwa. Ligola alimvuta dada yake pembeni, akamwambia amwombe siku ya mbali, ili wakusanye mashoka, wakate wanachoweza. Somoe akamtazama Ngwali akasema anataka mwisho wa kiangazi.

Hapo ndipo alipowazidi akili. Mitondoo na mininga hupukutisha majani yote kiangazi, na kwa majuma machache msitu hubaki vijiti. Siku ilipofika, watu wote wa Chilala walisimama wakitazama shuka likitandikwa. Desturi ya Peupe inadai shahidi asiye na ardhi nchini humo, na wa namna hiyo palikuwa na mmoja tu, Shaweji, aliyekuwa bado akikusanya mzigo wake. Akasimamishwa mbele. Juu ya shuka palikuwa na mistari ya matawi, myembamba, imepindana, basi.

Lukemba, aliyekuja pamoja na Ngwali, alipinga. Mstari wa kivuli nao ni kivuli, alisema. Ngwali akasoma kifungu, kivuli cha kumtosha mtu aliyeketi, akasema hapa inabidi aketi mtu. Lukemba, kwa kujiamini, akajitolea mwenyewe. Akakunja miguu katikati ya shuka, mwili wote ule, na jasho likaanza kumtiririka kutoka kwenye kipara. Watoto wakacheka, wakakatazwa. Ngwali akamwuliza shahidi anaona kivuli gani juu ya Mheshimiwa.

"Jua linampiga kotekote," Shaweji alisema.

Hati ikaandikwa pale pale, Chilala yote, kwa jina la Somoe Likwata. Wanawake walipiga vigelegele. Ligola alikaa chini akafunika uso, kwa kuwa alikumbuka mizinga aliyoichoma bure. Lukemba yeye alijifuta jasho, akamwuliza Ngwali kwa ile sauti ya kubembeleza kama ni kweli majani huwa yanarudi. Ngwali alisema ndiyo, na akaeleza, mbele ya wote, kwamba hati hudumu kadiri shuka linavyobaki jeupe, na kwamba raia yeyote anaweza kuomba ardhi ipimwe upya siku anayoichagua mwenyewe. Lukemba akaomba hapo hapo. Siku aliyoitaka ilikuwa baada ya majani kutoka.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo uovu wa sheria ile ulipo. Miti ya Chilala haingoji mvua. Mawingu yakiwa bado hayajakusanyika, joto likiwa bado linakaba, yenyewe hutoa majani machanga mekundu, na msitu mzima huwaka rangi ya shaba. Tangu utoto Somoe aliipenda siku hiyo kuliko sikukuu. Mwaka huo aliamka asubuhi, akaona wekundu kwenye ncha za matawi, akaingia ndani akajilaza. Sheria ilikuwa imefika mahali pa kumfanya mtu aogope chipukizi.

Ligola alikuja na shauri. Hakuna haja ya kukata, alisema. Mti ukichubuliwa gome pande zote kiunoni hufa ukiwa umesimama. Hautoi jani tena, hautii kivuli, na mizinga inaweza kubaki imetundikwa. Nyuki wenyewe wangehama, hilo alilijua na hakulisema. Dada yake atabaki na Chilala, atabaki na makaburi. Shauri hilo lilikuwa la mapenzi, na ndiyo maana lilimwuma Somoe vile.

Alichukua panga akaenda. Alichagua mninga mmoja mzee wa kando ya njia, usio na mzinga, mbali na maji. Akaanza kuchubua. Kila aliyewahi kukata mninga anajua kwamba utomvu wake ni mwekundu kama damu na unanata. Ulimtiririkia vidoleni, ukaingia kwenye kucha, naye aliendelea mpaka akauzunguka mti wote. Kisha akaenda kwenye wa pili, akaweka panga kwenye gome, na mkono ukakataa. Alikaa pale mpaka jua likageuka. Aliporudi nyumbani alimwambia kaka yake, "Nikiiua yote ndipo wanipe, watakuwa wamenipa nini?"

Shaweji alirudi kuchukua mzigo wa pili wakati mvua zimeshika. Alikuta shuka limeshafika. Safari hii Ngwali alilitandika sehemu nyingi, kwa uadilifu wake ule, na kila lilipotandikwa liligeuka bluu kwa kivuli. Ilikuwa baridi tamu chini ya miti, wapimaji wenyewe walikuwa wakifungua vifungo vya shati na kupumua. Lukemba aliketi juu ya shuka safari hii akitabasamu, na hakutoka jasho hata tone. Shaweji akaulizwa anaona nini.

Alijaribu. Alisema anaona chemchemi, anaona mizinga yenye alama za watu, anaona makaburi yaliyofagiwa leo asubuhi, na anaona mwenyewe amesimama pale na kanga yake.

"Shahidi ajibu anachoulizwa," Ngwali alisema bila ukali. "Kivuli kipo, au hakipo?"

Kipo, Shaweji alisema, maana kilikuwepo na kilikuwa kizuri. Neno hilo moja la kweli ndilo lililoing'oa Chilala mikononi mwa Somoe, na yule mchuuzi hajawahi kusema uongo wowote uliomwuma kama ukweli ule.

Kabla ya kukunja vitu vyake, Ngwali aliona mahali pamoja penye mwanga. Akaenda akatandika. Ilikuwa chini ya ule mninga uliokufa, na shuka lilibaki jeupe. Akapima duara kulizunguka shina, akaandika hati mpya, akamkabidhi Somoe kwa mikono miwili. Katika msitu wote alioutunza, na mama yake akautunza, serikali ilitambua kuwa ni pake mahali pale tu alipoua. Bwana Ngwali alimpongeza.

Wakataji wa Lukemba waliingia majuma hayo hayo. Shaweji alikuwa bado yupo akifunga mizigo, na alisikia mizinga ikipasuka kila mti ulipogonga chini, na nyuki wakizunguka hewani mahali palipokuwa kwao. Palipokuwa peupe vya kutosha, Ngwali akaja kutandika kwa ajili ya hati ya Mheshimiwa. Shaweji akapita katikati ya watu, akasimama juu ya shuka, akafungua mwavuli wake. Kivuli cha duara kikaanguka mahali pale, cha kumtosha mtu aliyeketi na mwenzake.

"Andika kwamba ni tupu," alisema. "Kwa Mzee Mtupa ingekuwa tupu."

Kwa mara ya kwanza Ngwali akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Alimwambia kwamba hilo la miavuli na mipapai ni kwa viwanja vya watu wa kawaida. Kwa Mheshimiwa wanatumia busara. Kisha akalivuta shuka kutoka miguuni mwake, akalitandika hatua chache pembeni, likawa jeupe, akaandika. Hivyo ndivyo Shaweji alivyojua kwamba shuka halikuwahi kupima kivuli. Lilikuwa likipima mtu. Kibali chake kilichanwa siku ile ile, akaamriwa kutoka nchini.

Alirudi mwaka uliofuata kwa njia ya nyuki. Chilala ilikuwa uwanja wa visiki mpaka macho yanapoishia. Lukemba hakuwa amepanda hata mchicha. Hati ilimtosha, aliipeleka benki, ikamjengea majumba mjini. Mto wa mji mkuu haukuwa umeonekana. Chemchemi yenyewe ilikuwa doa la tope chini ya jiwe, na kaburi la mama yake Somoe lilikuwa juani, limepasuka nyufa.

Ule mninga uliokufa ulikuwa umesimama peke yake, na chini yake palikuwa na kibanda cha Somoe, ndani ya duara lake halali. Mwenyewe hakuwemo. Shaweji alimkuta hatua kadhaa nje ya mpaka, kwenye ardhi ya Lukemba, saa sita mchana, ameketi chini kando ya kisiki cha mtondoo. Kisiki kilikuwa kimechipua. Miti ya kule ndivyo ilivyo, hukatwa na kuchipua tena kutoka mizizini, na pembeni pote, ukiangalia vizuri, visiki vilikuwa vimeota nywele nyekundu. Chipukizi la hapo lilikuwa limefika kimo cha goti. Mashina yake Somoe alikuwa ameyazungushia miiba, mbuzi wasile. Alikuwa ameuweka mkono wake wa kulia chini, kiganja juu, ndani ya kivuli.

Shaweji alimwamkia, akaketi juani karibu naye. Kisha akamwuliza, "Dada, unafanya nini hapa?"

"Napima," Somoe alisema. "Mwezi uliopita kivuli kiliingia vidole. Leo kimeingia mkono mzima. Kikinitosha kuketi, nitamwita Bwana Ngwali aje na shuka lake, aandike kwamba hapa ni patupu."

Shaweji alimkumbusha, kwa uchungu, ule mwavuli. Alimwambia kwamba hawataandika, kwamba kwa Lukemba watatumia busara yao, kwamba atakuwa ameketi hapa miaka kwa ajili ya kukataliwa. Somoe alikuwa anayajua yote hayo. Aligeuza mkono wake taratibu, akatazama jinsi kivuli cha majani kilivyomchezea kwenye kucha, ambamo utomvu wa mninga ulikuwa haujatoka wote.

"Mimi si mnene, kaka yangu, hakitachelewa kunitosha," alisema. "Na akikataa, na akatae mimi nikiwa nimeketi kivulini kwangu."